Nianze na ufunguzi gani wa sataranji?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninafanya kazi kwenye duka la vifaa vya simu Mwembe Tayari, na tangu mwaka jana nimeshikwa na sataranji. Wateja wakipungua nacheza kwa simu, na jioni nacheza na binamu yangu barazani kwetu Kisauni. Kete najua zinavyokwenda, lakini mwanzo wa mchezo ndio unaoniumiza. Binamu aliniambia nikitaka kuwa mchezaji wa kweli nishike Sisilia ya Najdorf, ufunguzi wa mwenye nyeusi, nikakariri hatua kumi na mbili. Hakuna hata mtu mmoja anayecheza nilivyokariri! Yeye mwenyewe ananitolea malkia mapema na wakati mwingine ananifunga kwa hatua nne. Kwenye video wengine wanasema Mfumo wa London, ufunguzi wa mwenye nyeupe, unatosha maisha yote. Nianze na upi nikiwa na nyeupe, na upi nikiwa na nyeusi? Na nikae nao mpaka lini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Jibu fupi kwanza, usije ukaitwa na mteja kabla hujafika mwisho. Ukiwa na nyeupe, cheza Ufunguzi wa Kiitaliano. Ukiwa na nyeusi, mtu akianza na e4 mjibu e5, akianza na d4 mjibu d5. (Herufi ni safu ya wima, kuanzia a kushoto kwa nyeupe. Namba ni mstari, kuanzia 1 upande wa nyeupe. Nikitaja mraba peke yake, ni askari anayekwenda hapo.) Najdorf ifungie kabatini, na London isubiri. Sababu zake ndizo ndefu, na ndizo unazozihitaji zaidi, kwa kuwa kucheza hatua usiyoijua sababu yake ndiko kulikokufikisha hapa.

Tuanze na hizo hatua kumi na mbili. Nyeupe anapofungua mchezo ana hatua 20 za kuchagua: askari wanane, kila mmoja akienda mraba mmoja au miwili, na farasi wawili, kila mmoja na njia mbili. Nyeusi naye ana zake 20. Yaani kila mtu akishacheza mara moja tu, kuna sura 400 ambazo ubao unaweza kuwa nazo. Wataalamu wamezipanga funguzi zinazojulikana katika mafungu 500, kuanzia A00 hadi E99, na kila fungu lina matawi yake. Wewe umekariri njia moja, ambayo ili itokee lazima mwenzako naye awe ameikariri hiyo hiyo. Wa barazani Kisauni ataikariri wapi? Umekuwa kama abiria aliyekariri vituo vya matatu bila kuujua mji: dereva akikata kona moja kukwepa foleni, hujui tena uko wapi.

Na hebu itazame Najdorf yenyewe. Nyeupe e4, wewe c5. Farasi f3, wewe d6. Nyeupe d4, unamla. Farasi anakula d4, wewe farasi f6. Farasi c3, na hapo ndipo inapokuja hatua iliyoupa ufunguzi huu jina: a6. Askari wa pembeni, mraba mmoja. Hakutoa kete nje, hakugusa katikati ya ubao, hakumtisha mtu. Miguel Najdorf, mzaliwa wa Poland aliyehamia Argentina, hakuwa akicheza ovyo, wala mabingwa wa dunia Fischer na Kasparov walioutumia miaka na miaka. Hatua ile inawazuia farasi na askofu wa nyeupe wasitue b5, na inaandaa e5 au b5 baadaye. Lakini faida yake huja kuonekana hatua kumi mbele, kwa mtu anayejua kuingoja. Muulize binamu yako a6 ni ya kazi gani. Akikueleza vizuri, mpe kahawa. Akisema "ndivyo wanavyocheza mabingwa", basi nyote wawili mnaiga tu.

Mimi ufunguzi wa mwanafunzi siuchagui kwa jina lake wala kwa bingwa aliyeutumia. Nauliza hivi: hatua ya kumi ikifika, ubao utakuwa wa namna gani? Mtu anayeanza anahitaji ubao ulio wazi, kete zinazogusana mapema, mfalme aliyehifadhiwa mapema, na kosa linalolipiwa papo hapo. Kosa lililokugharimu ngome dakika ile ile hutalisahau. Kosa la hatua ya nane linalokuja kukuua hatua ya arubaini hutalijua hata ukionyeshwa, utadhani umeshindwa kwa sababu ya kitu kingine kabisa. Kiitaliano kinalipisha mapema, na ndiyo maana nakipenda.

Weka ubao tucheze. Askari wako e4: umeshika d5 na f5, na umewafungulia njia malkia na askofu. Nyeusi anajibu e5. Farasi wako f3, anamtishia yule askari wa e5. Nyeusi anamlinda kwa farasi c6. Sasa askofu wako anakwenda c4. Hizo hatua tatu ndizo Kiitaliano, na mpaka hapo hakuna ulichokariri, kila hatua inajieleza. Baada yake unafanya kaslingi, mfalme anajificha g1 na ngome inatoka kwenye kona, na huna kete inayozurura.

Askofu wa c4 anatazama wapi? Fuata mshazari wake: d5, e6, f7. Ule mraba wa f7 ndio mnyonge kuliko yote upande wa nyeusi mwanzoni mwa mchezo, maana hauna mlinzi isipokuwa mfalme mwenyewe. Askari wa e7 ana malkia, askofu, farasi na mfalme wa kumlinda. Wa f7 ana mfalme tu. Nusu ya mitego unayonaswa nayo wewe, na nusu ya ile utakayomnasia mtu, inazunguka hapo. (Upande wako mraba huo ni f2, usiusahau kwa furaha ya kushambulia.)

Ufunguzi huu ni wa zamani sana. Wareno walipoanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wachezaji wa huko Italia walikuwa tayari wanauchambua, na kufikia miaka ya 1620 Gioachino Greco alikuwa akiandika michezo yake mizima. Kuna watu watakucheka kwamba unacheza kitu cha watoto. Waache. Mwaka 2000 mjini London, Kramnik alimvua Kasparov ubingwa wa dunia bila Kasparov kushinda hata mchezo mmoja, na silaha yake kubwa akiwa na nyeusi ilikuwa ile njia ya Berlin dhidi ya Ufunguzi wa Kihispania, ule ambao askofu wa nyeupe anakwenda b5 badala ya c4. Wakubwa wakahangaika nayo miaka mingi, na wengi wao wakarudi kwenye Kiitaliano hiki hiki ili kuikwepa.

Sasa nyeusi akishaona askofu c4, mara nyingi atafanya moja kati ya mambo mawili.

La kwanza, naye anatoa askofu c5. Hapo cheza c3, na usiicheze kwa mazoea: askari wa c3 yuko pale kwa ajili ya kumsaidia mwenzake wa d kwenda d4. Nyeusi akitoa farasi f6, wewe d4. Anakula, nawe unakula kwa askari wa c, una askari wawili wamesimama e4 na d4 bega kwa bega, na askofu wake anashambuliwa. Ukimwona anarudi nyuma b6, umepata: sukuma d5, kisha e5, farasi zake zinafukuzwa mmoja baada ya mwingine. Hatua yake nzuri ni askofu b4 kwa cheki. Wewe weka askofu d2, mkabadilishana, farasi wako anakula pale d2, naye anatakiwa avunje kati yako mara moja kwa d5. Asipofanya hivyo, umeshika ubao. Akifanya, mko sawa, na wewe unabaki na askari wa d4 asiye na jirani, ambaye ni nguvu mkiwa na kete nyingi na ni mzigo mkibaki na chache. Wakubwa siku hizi hawachezi d4 hapo, wanacheza d3 na kujipanga taratibu. Wewe cheza d4. Hiyo d3 ina hekima yake, lakini kwa sasa nataka kete zako zigongane.

La pili, nyeusi anatoa farasi f6, anamshambulia askari wako wa e4. Hapa ndipo pana mchezo. Unaweza kumlinda kwa d3 na kuendelea kwa salama. Au unaweza kumrusha farasi g5. Najua umeambiwa usisogeze kete moja mara mbili mwanzoni, na kwa kawaida ni kweli. Lakini tazama f7: sasa inapigwa na askofu na farasi kwa pamoja. Nyeusi akicheza h6 ili kumfukuza farasi, amechelewa. Farasi anaingia f7, anamshika malkia wa d8 na ngome ya h8 kwa mpigo mmoja, na mfalme hawezi kumla kwa sababu askofu wa c4 anamlinda. Nimewaona watu wakiitazama sura hiyo kwa muda mrefu wakitafuta njia ya kutokea, na haipo.

Jibu sahihi la nyeusi ni d5, kuuziba ule mshazari wa askofu. Unamla kwa askari wa e. Na hapa karibu kila anayeanza akiwa na nyeusi anamla yule askari kwa farasi, kwa sababu mkono umezoea kula. Hapo ndipo farasi wako anapojitoa kafara f7. Mfalme anamla, malkia wako anaruka f3 kwa cheki, akimtazama mfalme na farasi wa d5 kwa pamoja. Mfalme akitaka kumwokoa farasi wake inabidi atoke e6, katikati ya ubao, mchana kweupe. Wewe unaongeza farasi c3, na farasi wake wa d5 sasa amebanwa mbele ya mfalme wake na anapigwa na kete tatu. Sisemi umeshinda tayari. Kuna njia za kujitetea, na kompyuta inazijua. Binadamu mwenye dakika kumi kwenye saa kwa kawaida hazioni.

Nawe ukiwa na nyeusi ukakutana na farasi huyo g5, usimle askari wa d5. Baada ya d5 na kuliwa, peleka farasi wa c6 kule a5, mshambulie askofu. Atatoa cheki b5, wewe c6, ataila, utaila kwa askari wa b. Umepoteza askari mmoja, lakini askofu wake na farasi wake wote wawili wako mahali pabaya na watarudi nyuma wakati wewe unatoa kete. Watu wamekuwa wakibishana kuhusu askari huyo kwa karne kadhaa.

Hilo la kula lina mzizi wake huku kwetu, niseme kidogo. Wengi wetu tulifika kwenye sataranji tukitokea kwenye drafti, na kwenye drafti kula ni lazima, usipokula unaadhibiwa. Mkono unajifunza kula kabla jicho halijatazama. Sataranji haikulazimishi. Kila unapoona kete ya bure, ondoa mkono ubaoni kwanza. Wachezaji wa Pwani ninaowafundisha, wale waliolelewa na drafti, huchukua muda mrefu kuacha tabia hiyo kuliko kujifunza ufunguzi wowote.

Kuna pia watakaokujibu ovyo, nao ndio wengi barazani. Umecheza e4, e5, farasi f3, mtu akamlinda askari wake kwa f6. Inaonekana imara, lakini ni mbovu. Njia hii inaitwa kwa jina la Damiano, Mreno aliyechapisha kitabu cha sataranji Roma mwaka 1512, na maskini yeye alikuwa akiikataza. Wewe mle askari wa e5 kwa farasi bila kuogopa. Akimla farasi wako, malkia h5 kwa cheki. Akiziba kwa g6, malkia anakula e5, tena kwa cheki, na ngome ya h8 ni yako. Akimsogeza mfalme e7, malkia anakula e5 kwa cheki, mfalme anakimbilia f7, askofu c4 kwa cheki, na mbio zimeanza. Jibu la afadhali kwake ni kutomla farasi kabisa, aweke malkia e7. Cheza mistari hiyo kwa mkono kwenye ubao wa mbao, usiiangalie tu kwenye kioo cha simu.

Tuje kwa binamu na malkia wake. Wewe una nyeusi: e4, e5, halafu malkia anatua h5. Anamtisha askari wako wa e5. Ukishtuka ukacheza g6 ili umfukuze, atakula e5 kwa cheki na ngome yako ya h8 imekwenda. Mlinde kwanza, farasi c6. Sasa askofu wake c4, na hapo ndipo unapofungwa: malkia na askofu wote wanatazama f7. Ukitoa farasi f6 bila kufikiri, malkia anaingia f7, chekimeti. Sasa ndio wakati wa g6. Malkia atarudi f3, bado anaitaka f7, na sasa ndipo farasi anakwenda f6 kuziba njia. Tazama ubao: farasi wako wawili wako nje, askofu wako ana g7 ya kutua, na yeye malkia wake amekaa pale pale ambapo farasi wake alitakiwa kukaa. Hujamfunga, lakini kuanzia hapo yeye ndiye anayekimbizana na mchezo. Hatua zenyewe ni zile zile, g6 na farasi f6, kinachookoa ni mpangilio. Mfanyie hivyo mara mbili tatu, ataacha mwenyewe.

Dhidi ya d4, nimesema ujibu d5. Wengi watakuletea c4, Gambiti ya Malkia. Jina linasema gambiti, yaani kutoa askari kafara mwanzoni, lakini yule askari hatolewi bure. Ukimla na kumng'ang'ania utaumia: nyeupe anacheza e3, wewe unamlinda kwa b5, yeye a4, wewe c6, anakula b5, unakula, na malkia anaruka f3 akiitazama ngome ya a8 kwenye mshazari mtupu. Lazima kete moja ipotee. Kwa hiyo usile, weka e6, umshikilie d5. Ubaya wake ni kwamba askofu wa c8 amefungiwa nyumbani, na utasubiri kidogo kabla ya kumtoa. Ni gharama ninayokubali kwa mwanafunzi, kwa sababu kila kitu kingine kinasimama mahali pake: farasi f6, askofu e7, kaslingi.

Na kuna zawadi ndani yake. Nyeupe akitoa farasi c3, nawe farasi f6, yeye askofu g5 akambana farasi wako mbele ya malkia, basi toa farasi wa pili d7. Nyeupe akila d5, nawe ukila kwa askari wa e, ataona askari wako wa d5 kama wa bure, maana farasi wako wa f6 amebanwa. Anamla kwa farasi. Wewe mle farasi huyo na umwache malkia! Askofu wake atamla malkia wa d8, nawe unatoa askofu b4, cheki. Hana pa kukimbilia, hana cha kuziba nacho isipokuwa malkia wake kwenye d2. Unamla malkia, mfalme wake anamla askofu wako, mfalme wako anamla askofu wake wa d8, na ukihesabu kete una farasi mzima zaidi, yeye ana askari mmoja tu wa kujifariji. Unaitwa Mtego wa Tembo. Uzuri wake ni kwamba hatua zako zote ni za kawaida, hata nyeupe asiponaswa hujaharibu chochote. Mitego ya kumtegemea mjinga peke yake siifundishi.

London sasa. Nyeupe anacheza d4, askofu f4, e3, farasi f3, c3, askofu d3, farasi wa b anakwenda d2. Ni mfumo mzuri. Ding Liren wa China aliutumia kwenye mechi ya ubingwa wa dunia Astana mwaka 2023, akashinda mchezo wa sita. Tatizo ni kwamba unazipanga kete zako karibu vile vile mpinzani akifanya hili au lile, na mgeni anayeushika anaweza kumaliza hatua saba au nane bila kumtazama mwenzake hata mara moja. Ndiyo raha yake na ndiyo hasara yake. Nimeshawaona vijana wanaojipanga kwa utulivu kabisa huku nyeusi amecheza c5 na malkia b6, anaipiga b2 iliyoachwa na yule askofu, na wao bado wanamalizia ramani yao. Ukiwa na kazi na familia na unataka mchezo wa kupumzisha kichwa, London ni rafiki. Wewe unataka kujifunza, kwa hiyo ije baadaye.

Akija mtu na nyeusi asiyejibu e5, usiende kutafuta kitabu kipya. Sisilia, yaani c5: farasi f3, d4, akila mle kwa farasi, kisha farasi wa pili c3. Akicheza e6 au c6, chukua kati kwa d4, na akija d5 mle, ubao unafunguka. Akicheza d5 mara ya kwanza, mle, na malkia wake akila mtolee farasi c3, arudi alikotoka. Inatosha kwa sasa. Hizo zote zina undani wake, lakini huna haja nao mpaka uwe umeshindwa kwa ajili yake.

Na hiyo ndiyo njia ninayokutaka ujifunze nayo. Chukua daftari. Kila mchezo uliomalizika, ukishinda au ukishindwa, tafuta hatua ya kwanza ambapo hukujua la kufanya. Itakuwa ya nne, au ya tano. Iandike sura hiyo, kisha fungua Lichess, tovuti ya sataranji ambayo ni bure na haina matangazo, uingie kwenye sehemu ya kuchunguza funguzi. Chagua michezo ya wachezaji wa kiwango chako, siyo ya mabingwa, utazame watu wanajibu nini pale na wanashinda kwa nini. Ongeza hatua moja tu kwenye daftari, na sababu yake kwa maneno yako mwenyewe. Ukikosa sababu, hatua hiyo usiiandike. Ufunguzi wako utakua kwa kufuata wapinzani ulio nao kweli, na hautakuwa na hatua hata moja usiyoihitaji.

Cheza michezo ya dakika kumi au kumi na tano. Ile ya dakika tatu iache iwe ya mzaha kati ya mteja na mteja, haifundishi ufunguzi, inafundisha kidole. Na kwa kila nusu saa unayoipa funguzi, upe saa nzima mafumbo, yale ya kutafuta hatua ya ushindi. Michezo ya kiwango chako haiamuliwi na ufunguzi. Inaamuliwa na nani aliyeacha kete bila mlinzi.

Umeuliza ukae nao mpaka lini. Sikupi miezi. Siku utakapoweza kumketisha binamu barazani na kumweleza kila hatua yako ya kwanza hadi ya nane, kwa nini hii na siyo ile, bila kusema "ndivyo inavyochezwa", siku hiyo unaruhusiwa kuongeza kitu. Mimi ningeongeza Kihispania upande wa nyeupe, maana hatua mbili za kwanza ni zile zile na askofu anakwenda b5 badala ya c4. Sisilia upande wa nyeusi ije nyuma yake, na hata hapo nisingeanza na Najdorf. Lakini usibadilishe kwa sababu umeshindwa michezo mitano mfululizo. Kushindwa mitano kwenye ufunguzi mmoja kunakupa kurasa tano za daftari. Ukihama, unazitupa.

Kama kuna mashindano unayoyawazia, nenda na hiki hiki ulicho nacho, hata kikiwa nusu. Na ukiniandikia tena, niletee mchezo mzima tangu hatua ya kwanza. Picha ya ubao wa mwisho hainionyeshi ulipoharibikia.